Hivi kwanini wafalme wa Kihindi kwenye picha za zamani wote wanaangalia pembeni?

Kindi Mweusi
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua. Nimekuwa napitia picha za kuchora za wafalme wa India wa zamani, wale wa Mughal akina Akbar, Jahangir na Shah Jahan, halafu na wale maraja wa Rajasthan. Karibu wote wamechorwa ubavuni. Jicho moja, pua imechongoka, sikio moja lina lulu, basi. Mfalme anayekukazia macho humpati. Na usiniambie walikuwa hawajui kuchora uso, maana kwenye picha hiyo hiyo unamkuta mtumishi au mzungu kageuka kidogo na macho yake yote mawili yanaonekana vizuri tu. Sasa mtumishi apewe macho mawili, mwenye nchi apewe moja? Mimi nahisi mtu mmoja mkubwa alitoa amri, waliobaki wakafuata bila kuuliza. Wanaojua mambo haya karibuni.

Mzee wa Vumbi
Walikuwa na chongo wote. Uzi ufungwe.

Kindi Mweusi
Mzee wa Vumbi we kila uzi lazima uingie na viatu.

Mtoto wa Kibanda
Mi naona ni dini tu hapo. Mughal walikuwa Waislamu, kuchora uso wa mtu kuna maneno, kwa hiyo wakachora nusu ili wapunguze lawama.

Bint Forodhani
Hapana Mtoto wa Kibanda, hiyo haisimami. Akbar alitawala 1556 mpaka 1605, na mwandishi wake Abu'l Fazl ameandika wazi kabisa kwamba mfalme mwenyewe alikaa achorwe, halafu akaamuru wakubwa wote wa dola wachorwe sura zao, likatengenezwa albamu kubwa sana. Anasema waliokufa wamepata uhai mpya humo na walio hai wameahidiwa kutokufa. Mtu anayekwepa lawama haongei hivyo. Tena maraja wa Rajasthan ni Wahindu, hawana shida kabisa na sanamu, na wao ndo ubavu ubavu mpaka miaka ya 1800. Hiyo dini iko wapi?

Mtoto wa Kibanda
Sawa dada, basi ni mambo ya Waajemi. Wachoraji wa Mughal si walitoka Uajemi?

Bint Forodhani
Wa mwanzo ndiyo. Humayun, babake Akbar, alipokuwa uhamishoni alikutana na Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad akawachukua. Ila sasa angalia michoro ya Kiajemi, sura zao zimegeuka robo tatu, ile unaona macho mawili na shavu moja limejificha. Hata picha za mwanzo za enzi ya Akbar wengi wako hivyo. Ubavu unashika kasi mwishoni mwa Akbar na kwa Jahangir ndo inakuwa kama sheria. Na kabla Mughal hawajakaa vizuri kulikuwa na vitabu vya Kihindi vya miaka ya 1500 ambavyo watu wote wako ubavuni, jicho kubwa kama samaki. Kwa hiyo ukiniuliza mimi ubavu ni wa wenyeji, wageni ndo waliuchukua.

Brashi ya Mwenge
Nyie mnaenda mbali sana. Mimi nachora sura za watu, ndo ugali wangu, naomba niseme kitu cha kifundi.

Ukimchora mteja uso kwa uso kazi ni ngumu balaa. Pua ya mbele haina mstari, ni kivuli tupu, ukikosea kivuli kidogo tu mteja anakwambia "huyu ni shemeji yangu, sio mimi". Nina picha ya bwana mmoja mpaka leo iko stoo imegeuzwa ukutani, kagoma kuilipia. Sasa mgeuze huyo huyo pembeni. Paji la uso, pua, midomo, kidevu, vyote ni mstari mmoja unaoteremka. Ukiupata huo mstari hata mtoto wake wa chekechea atasema huyu baba.

Halafu wale jamaa kivuli hawakukitaka sana, picha yenyewe ukubwa wa kiganja. Kwenye vitabu vikubwa vya Akbar kazi ilikuwa inagawanywa, mmoja anapanga mchoro, mwingine anapaka rangi, na kuna fundi wa sura tu, kazi yake nyuso basi. Na walikuwa na kitu kinaitwa charba, ngozi nyembamba ya swala inayopitisha mwanga. Unailaza juu ya picha, unapiga mstari, unatoboa vitundu kwa sindano kufuata mstari, halafu unaiweka juu ya karatasi mpya unagonga na kitambaa chenye unga wa mkaa. Unga unapita kwenye vitundu, sura imehama. Charba moja inakaa kwenye familia ya wachoraji baba mpaka mjukuu. Mfalme akizeeka unampaka ndevu nyeupe tu, pua ni ile ile! Mstari wa ubavu unahama vizuri kwa njia hiyo, sura ya mbele ukiihamisha inakuwa kama kinyago. Jibu ni hilo, mengine ni falsafa.

Kaka wa Likoni
Brashi ya Mwenge hapo umenena, lakini jibu lako linaeleza kwanini ni rahisi, halielezi kwanini ni mfalme pekee. Si mtumishi naye wangemrahisishia?

Mi naona ni wazungu hawa. Wapadre wa Kijesuiti walifika kwa Akbar 1580 pale Fatehpur Sikri wakampa Biblia kubwa yenye picha za kuchapwa, na toka hapo wachoraji wakaanza kuiga vitu vya Ulaya. Ule mduara wa nuru nyuma ya kichwa cha Jahangir unadhani umetoka wapi, ni wa watakatifu wa Kikristo ule. Na Ulaya sura ya mfalme kwenye sarafu ni ya ubavu toka enzi za Warumi. Jahangir mwenyewe alitoa sarafu za dhahabu zenye sura yake, zingine kashika kikombe cha mvinyo mkononi bila wasiwasi wowote, kwenye pesa ya serikali!

Mzee wa Vumbi
Huyo ndo kiongozi mkweli sasa.

Nilisoma Jaipur
Nimechelewa ila uzi mtamu, shukrani Kindi.

Kaka wa Likoni nadharia ya sarafu ina tundu. Kuna picha ya mchoraji Bichitr, iko Washington sasa, ya kama 1615 hadi 1618. Jahangir kakaa juu ya kiti ambacho ni saa ya mchanga, ile ya Ulaya, mchanga unashuka na malaika wadogo wawili wanaandika juu ya kioo wakimtakia miaka 1000 ya utawala. Nyuma ya kichwa ana duara kubwa la jua na mwezi. Anampa kitabu shehe mmoja mwenye ndevu nyeupe, Shaikh Husain wa Ajmer. Chini ya shehe wamepangwa wengine wakisubiri zamu, kuna sultani wa Kituruki, chini yake mfalme wa Uingereza James wa kwanza, na wa mwisho kabisa kwenye kona ni mchoraji mwenyewe kashika kipicha chenye tembo na farasi wawili.

Sasa mwangalie James. Kanakiliwa kutoka picha ya Kiingereza, kwa hiyo kageuka robo tatu na anatutazama SISI. Jahangir yuko ubavuni, hana habari na sisi. Kama ubavu ungekuwa ni kuiga wazungu basi mzungu ndo angekuwa ubavuni. Bichitr alikuwa anajua vizuri njia zote mbili na kachagua nani apewe ipi.

Kitu kingine, Bichitr kasaini jina lake kwenye kile kistuli cha kupandia miguu. Yaani mfalme akipanda anakanyaga jina la fundi. Unyenyekevu au majivuno, mi sijui, maana jina limefika karibu na mfalme kuliko hata James.

Brashi ya Mwenge
Hiyo ya kusaini kwenye stuli naiiba leo leo.

Kindi Mweusi
Nilisoma Jaipur sasa wewe nadharia yako ni ipi? Umebomoa ya watu tu.

Nilisoma Jaipur
Yangu ni darshan. Kule kumwona mkubwa, au mungu hekaluni, ni baraka kwa anayeona. Akbar alikuwa anatokea kila asubuhi kwenye dirisha la ngome, jharokha, watu wamejazana chini wamwone tu ndo waende kazini. Wengine walikuwa hawali mpaka wamemwona. Jahangir na Shah Jahan wakaendelea nayo, Aurangzeb akaja kuifuta kwa kuona inafanana na ibada. Sasa kwenye kumwona mfalme kazi ni yako wewe kutazama, yeye anatazamwa. Akikurudishia macho mmekuwa sawa. Ubavu unamweka mbali, kama yuko nchi nyingine.

Kaka wa Likoni
Ngoja kidogo, hekaluni kule si mungu anakutazama usoni na macho makubwa yamechorwa? Nimeingia hekalu la jirani zetu hapa Mombasa kwenye sherehe, yale macho yanakufuata mpaka kwenye viatu. Darshan ni kutazamana bwana, sio kuangalia shingo.

Bint Forodhani
😂😂 Kaka wa Likoni kaua.

Nilisoma Jaipur
Hajaua. Mfalme sio mungu, hapo ndo tofauti.

Mwana wa Muscat
Salaam kutoka huku. Mbona hakuna aliyezungumzia kitabu? Picha hizi hazikutundikwa ukutani jamani. Zilikuwa kurasa ndani ya albamu, muraqqa, unafungua unakuta kurasa mbili za picha zinatazamana, ukifunua tena mbili za hati nzuri. Zimepangwa mtu wa kulia anamwangalia wa kushoto. Baba na mwana, au mawaziri wawili. Ukiweka watu wa mbele wawili ni kama foleni ya pasipoti, ukiweka ubavu kwa ubavu wanaongea. Pande zote maua ya dhahabu kwenye pambizo, kitu kizuri mno. Mimi naona mpangilio wa albamu ndio uliolazimisha.

Brashi ya Mwenge
Ya Muscat nimeipenda ila albamu si zilipangwa baadaye? Picha imechorwa leo, inabandikwa miaka ijayo na mwingine kabisa.

Mwana wa Muscat
Nyingine ndiyo. Lakini mchoraji anayejua kazi yake itaishia wapi anaichora kwa ajili ya huko.

Chifu wa Mitaa ya Kati
Wadau mmeandika kurasa zima na hamjamtaja mtu wetu. MALIK AMBAR. Mwafrika aliyewanyima usingizi Mughal. Mswahili wa Lamu aliyeuzwa akaenda kuwa mtawala India. Tafuteni picha yake, amechorwa ubavuni vile vile kama wafalme, mweusi tii, nguo nyeupe.

Bint Forodhani
Chifu tumeanza tena. Sio wa Lamu. Malik Ambar ni Mhabeshi, alizaliwa kama 1548 Uhabeshi, akauzwa utotoni akapitia Uarabuni na Baghdad mpaka akafika Dekani, kusini mwa India. Kule akawa mtawala wa kweli wa Ahmadnagar huku sultani akiwa mtoto au kivuli, akajenga mji wa Khadki ambao baadaye ukaitwa Aurangabad, akafa 1626 kitandani kwake. Habari yake ni kubwa ya kutosha bila kumhamishia Lamu.

Chifu wa Mitaa ya Kati
Uhabeshi na Lamu ni jirani tu bana.

Kaka wa Likoni
Panda basi la kwenda Addis uone ujirani.

Nilisoma Jaipur
Ila Chifu kaleta kitu. Kuna picha ya mchoraji Abu'l Hasan ya kama 1616, iko Dublin kwenye maktaba ya Chester Beatty. Jahangir kasimama juu ya tufe la dunia, kavuta upinde, na mbele yake kichwa cha Malik Ambar kimechomekwa kwenye mkuki, mshale unaingia mdomoni. Bundi kakaa hapo hapo juu ya kichwa. Chini ya tufe kuna ng'ombe na chini ya ng'ombe samaki.

Na jambo hilo HALIKUTOKEA. Jahangir hakuwahi kumshika Ambar hata siku moja. Kwenye kumbukumbu zake anamtukana kila akimtaja, jeshi linakwenda linarudi. Ameshindwa vitani kampigia kwenye karatasi.

Mzee wa Vumbi
Kama mashabiki wa timu fulani wanavyoshinda kwenye magrupu ya WhatsApp. Sitaji jina.

Bint Forodhani
Tena cha ajabu, huko huko kwa Mughal mchoraji Hashim kamchora Malik Ambar kwa heshima kabisa, mtu mzima mwenye mwili, anasimama peke yake, sura haijabezwa hata kidogo. Iko London, makumbusho ya V&A. Na Bijapur kulikuwa na Mhabeshi mwingine, Ikhlas Khan, kachorwa juu ya tembo nyuma ya sultani wake Muhammad Adil Shah. Kwa hiyo mchoraji akitakiwa kukutukana anakutukana, akitakiwa kukupata sura yako anakupata. Angalia na ile ya Jahangir anamkumbatia Shah Abbas wa Uajemi, hawakuwahi kuonana wale, na Shah Abbas kachorwa kadogo kamekonda kama anaomba nauli.

Kindi Mweusi
Sasa hapo mnanichanganya. Kama wanadanganya matukio tutajuaje sura ni ya kweli?

Nilisoma Jaipur
Sura walikuwa hawana mchezo nayo. Jahangir alimtuma Bishandas pamoja na ubalozi wake Uajemi 1613 kwa kazi ya kwenda kumchora Shah Abbas tu, na akamsifu kwamba kwenye kupata sura ya mtu hana mpinzani. Alikuwa anajisifu pia kwamba ukimwonyesha picha waliyochora watu wengi atakwambia nyusi kachora nani na jicho kachora nani. Balozi wa Uingereza Thomas Roe 1616 alimpa kipicha cha Kiingereza, wachoraji wakakinakili, akaitwa usiku kwenye mishumaa achague cha kwake. Ilibidi akune kichwa kwanza, Jahangir anafurahi tu.

Na hata pambo la sikio halidanganyi. Jahangir alitoboa masikio 1614 baada ya kuugua akapona, kama nadhiri kwa Khwaja Muinuddin wa Ajmer, wakubwa wengi wakamfuata. Picha yake akiwa na lulu ujue ni baada ya hapo.

Brashi ya Mwenge
SUBIRI. Si ndo nyingine hiyo! Ubavu unaonyesha sikio lote. Kilemba, lulu, shingo yenye mikufu, mpini wa jambia kiunoni. Mbele sikio linapotea.

Kaka wa Likoni
Sasa nadharia ya hereni. Tutafika ya soksi.

Shangazi Asha
Naomba kuuliza wapendwa, na wake zao je? Naona tunaongelea wanaume tu.

Bint Forodhani
Shangazi, wanawake wa ndani walikuwa hawaonwi na mchoraji mwanaume, kwa hiyo "picha ya malkia" nyingi ni mwanamke mzuri wa kubuni kapewa jina. Nur Jahan kuna picha ya Abu'l Hasan kashika bunduki anaijaza risasi, watu wanabishana mpaka leo alimwona au alisimuliwa. Wachoraji wanawake walikuwepo, Sahifa Banu jina lake limebaki, ila wachache mno tunaowajua. Na yule maarufu wa Kishangarh, Bani Thani, jicho limevutwa mpaka karibu na sikio, kachorwa na Nihal Chand kwenye miaka ya 1750 hivi. India wakamtia kwenye stempu 1973. Hata yeye ubavuni.

Shangazi Asha
Asante mwanangu. Jicho lile hakuna binadamu analo.

Nilisoma Jaipur
Shangazi ndo maana wengi hawaiiti sura ya mtu. Ni sura ya penzi la Sawant Singh, raja aliyeachia kiti akaenda Vrindavan kutunga mashairi.

Ila kama mnataka mtu aliyechorwa kama mtu, mtafuteni Nainsukh, fundi wa milimani kule Guler, na bosi wake Balwant Singh wa Jasrota. Huyo raja kachorwa ananyolewa ndevu! Hakuna umati wala duara la nuru, kinyozi tu na wembe. Na bado yuko ubavuni. Hapo hata darshan yangu inayumba kidogo, maana nani anaenda kupata baraka kwa kinyozi.

Mtoto wa Kibanda
Kwa hiyo ni mazoea tu kama alivyosema Kindi mwanzo.

Mwana wa Muscat
Mazoea ya miaka mia tatu lazima yawe na sababu.

Brashi ya Mwenge
Ngozi ya swala.

Tanga Raha
Mi naona kilichoua ubavu ni kamera. Ram Singh wa Jaipur, wa miaka ya 1800 huyo, alikuwa na kamera yake mwenyewe akijipiga na kuwapiga watu wa ndani. Picha ya kamera mtu anakaa mbele. Halafu mafundi wale wale wakaanza kupaka rangi juu ya picha nyeusi na nyeupe, kilemba chekundu, dhahabu kwenye mkufu. Mtindo huo ulifika huku na wenye studio wa Kihindi. Kwetu kuna picha ya babu ya studio, midomo imepakwa pinki na koti limekuwa la bluu, na bibi mpaka anakufa alikuwa anagomba kwamba lile koti lilikuwa la kaki.

Shangazi Asha
Hata kwetu iko! Mashavu mekundu kama kapakwa wanja wa harusi.

Mzee wa Vumbi
Wanja unapakwa mashavuni tangu lini Shangazi?

Shangazi Asha
Nyamaza wewe.

Kindi Mweusi
Sasa niseme ukweli kilichonifanya nifungue uzi. Ndugu yangu alienda Udaipur akaniletea kipicha cha raja, ubavuni bila shaka, juu ya karatasi kuukuu yenye muhuri wa mahakama na maandishi ya Kihindi. Muuzaji kamwambia ina miaka 200. Inanukia chai. Hii ni mali?

Nilisoma Jaipur
Karatasi inaweza kuwa ya zamani kweli, wananunua nyaraka kuukuu za serikali wanachora juu yake kwa ajili ya watalii. Hata hiyo ikiwa ya kweli, picha juu yake ni ya majuzi. Chai wanaitumia kuizeesha. Ile ya zamani yenyewe huchorwa kwenye wasli, karatasi zimegandishwa kadhaa pamoja, halafu zinasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka zinang'aa.

Brashi ya Mwenge
Sio lazima iwe ya zamani ili iwe kazi nzuri, wapo mafundi hatari hata leo. Cha kuangalia ni kama imechorwa au imechapwa. Chukua lenzi, hata kamera ya simu ukivuta karibu. Angalia ndevu pale chini ya sikio. Brashi zao ni za mkia wa kindi, ncha inaisha na unywele mmoja, kwa hiyo kila uzi wa ndevu unaanza mnene unaisha mwembamba. Ikiwa ni ya mashine utaona vidoti vidoti vya rangi.

Kindi Mweusi
Ngoja nikaangalie.

Kaka wa Likoni
Tunasubiri hapa na popcorn.

Kindi Mweusi
Vidoti. Mpaka kwenye kilemba.